Tapeti za Pikipiki Nyekundu

Tik-tik-tik-tik. Ndivyo ilivyolia ile pikipiki ikiwa imesimama, injini inazunguka taratibu, kama mtu anayetafuna karanga kwa meno ya mbele. Mpaka leo nikikaa kimya naisikia. Kwangu ilikuwa sauti ya uzima, ila mwenye pikipiki aliiona ni ugonjwa.

Nilikuwa najifunza ufundi kwa mjomba wangu hapa Igoma, kwenye karakana ya mabati kando ya barabara ya Musoma. Shule niliishia kidato cha pili, lakini ndoto hazikuishia huko. Nilijiona kabisa nina karakana yangu, imepakwa rangi ya bluu, wateja wananiita fundi bila kucheka. Mjomba aliniahidi kwamba nikishika injini moja mwenyewe mpaka mwisho, na mteja akaridhika, ataacha kuniweka kwenye kuosha vipuri na kupaka minyororo grisi.

Pikipiki yenyewe, nyekundu, ilikuwa ya kijana wa familia moja ya Kihindi yenye duka la vifaa vya ujenzi mjini. Haikuwa ya bodaboda. Ilikuwa ile ndefu ya kupanda mawe na kuvuka madimbwi, matairi yana meno, injini ya silinda moja, mipigo minne. Jumapili aliichezea huko milimani, Jumatatu inakuja na matope mpaka kwenye taa. Mjomba akanipa spana. "Haya mama, hii ya kwako."

Nilifanya kama alivyonifundisha. Niliiacha ilale mpaka asubuhi ipoe, maana chuma cha moto kimetanuka, kitakudanganya. Nikaizungusha injini kwa mkono mpaka pistoni ikafika juu na valvu zote zikafunga. Nikapitisha geji, kale kachuma kembamba kama wembe, kati ya valvu na tapeti, kile kidude kinachoisukuma ifunguke. Inatakiwa ipite kwa kusuasua, kama pete inayobana kidogo. Bila hiyo nafasi, injini ikipata moto valvu haikai vizuri kwenye kiti chake, na haipoi. "Valvu nzima inaongea," Mjomba alizoea kusema. "Ikinyamaza, ujue inaungua."

Nikakaza nati, nikapiga kiki, ikaitika tik-tik-tik-tik. Nikacheka peke yangu kwa furaha.

"Injinia, umechanganyikiwa?" fundi mmoja akanitania.

Mwenye pikipiki alipokuja akaizungusha kidogo barabarani, akarudi ameinamisha sikio. "Fundi, mbona bado inalia?"

"Ndivyo inavyotakiwa, kaka," nikasema. "Ile nafasi ya—"

"Dada, naongea na fundi. Ya rafiki yangu haisikiki kabisa."

Wateja wengi wa hapa wako hivyo. Injini ikilia kidogo wanaona umewaibia. Mjomba alinitazama, akamtazama mteja. "Usijali bosi, tunaituliza." Akafungua vifuniko hapo hapo, injini ya moto, mteja kasimama, akabana tapeti mpaka ikawa kimya.

"Mjomba, si ulisema..."

"Kalete chai."

Haikuchukua muda, ikarudi juu ya pikapu. Ilimfia njiani akitokea Magu. Kiki ilikuwa nyepesi, haina pumzi. Tulipofungua kichwa cha injini, valvu ya kutolea moshi ilikuwa imeliwa ukingoni kama biskuti iliyopitiwa na panya.

"Nani alifunga hii?" mteja akauliza.

Mjomba aliendelea kufuta mikono. "Huyu binti. Bado anajifunza bosi, tumsamehe."

Mafundi wote waliona siku ile nani alibana. Wakawa wanatafuta spana ambazo hazijapotea. Yule mtani akasema, "Injini na kucha wapi na wapi!"

Ningeweza kusema. Lakini ni kaka wa mama yangu, nimempa shikamoo tangu nilipojua kuongea. Nikamwambia mteja, "Samahani, kaka." Bado nahisi uchungu wa neno lile ulimini.

Jioni Mjomba aliniletea sato wa kukaanga kutoka Kirumba. "Kula, mama." Nikala. Alikuwa mtamu, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Mjomba angekuwa hajui, ningemsamehe siku ile ile. Yeye ndiye aliyenifundisha.

Nikarudi kwenye kuosha vipuri. Nikiuliza lini nitashika injini tena, ananijibu kwa upole, "Wateja hawataki, mama." Nacheka, natania, naimba na beseni langu la petroli. Ila ile karakana ya bluu siku hizi naiona kwa mbali sana.

Asubuhi moja nilifika wa kwanza. Kulikuwa na bodaboda ya mzee mmoja wa Mkuyuni, ambayo Mjomba aliibana tapeti jana yake mpaka ikanyamaza, kama mzee alivyotaka. Injini ilikuwa baridi. Nikafungua vifuniko, nikalegeza, nikapima, nikakaza nati. Kisha nikachukua kitambaa, nikafuta alama za vidole vyangu kwenye injini.