Steringi Hafi Tabora

Wiki hii, ndugu msomaji, nimetazama filamu nyingi kuliko nilizotazama mwaka mzima uliopita. Nimekuja Ipuli, mtaa wetu hapa Tabora, kupumzika, na binti wa mdogo wangu, ambaye naye yuko likizo, ana desturi moja isiyonipa nafasi hata ya kufikicha macho. Filamu ikiisha tu, ananigeukia na simu yake mkononi: "Shangazi, nyota ngapi?"

Tumetazama moja ya mapenzi iliyopigwa Dar es Salaam, nzuri kwa sura, ambayo watu wake wanaishi katika nyumba zisizo na jiko. Tumetazama ya kutisha, ambamo mzimu ulikuwa na subira kuwashinda waigizaji. Tumetazama pia ya watu waliosafiri hadi sayari nyingine, wakakuta ugomvi wao umewatangulia kufika. Ya kwanza niliiita asali ya moshi. Ya pili, nta. Ya tatu nikaifikiria kidogo, kisha nikasema ni asali safi ya nyuki wakubwa, ila imechujwa kwa haraka.

"Shangazi," akasema, "mimi nimeuliza nyota, wewe unanipeleka sokoni."

Nikacheka, ila sauti iliyotoka kinywani mwangu haikuwa yangu. Ilikuwa ya bibi yangu, mzaa baba, aliyeishi na kuchuja asali katika ua huu huu ambao sasa umesakafiwa.

Ilikuwa zama za Ujamaa, nasi watoto tulijua uchumi wa nchi kwa ulimi: sukari ilikuwa ya foleni, na foleni nyingine ziliishia kwenye mlango uliofungwa. Nyumbani kwetu chai ilitiwa asali. Asali hiyo ilitoka misitu ya upande wa Kigwa, ikaja kwa treni katika madebe, pamoja na masega yake, mabawa ya nyuki na harufu ya miti iliyoungua. Kazi yangu baada ya shule ilikuwa kushika kitambaa cha kuchujia kisilegee, huku Bibi akikamua. Mikono ikinata, nzi wakija, hakuna ruhusa ya kujikuna. Malipo yalikuwa michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa juani kisha kuchemshwa, vilivyochovywa katika ile asali ya mwisho inayogoma kushuka.

Ni hapo kwenye kitambaa nilipomsimulia filamu. Wakati huo hatukusema filamu, tulisema picha. Mjini palikuwa na jumba la sinema lenye viti vya mbao vilivyobana nyama ya paja, na Jumamosi mchana baba alitupeleka sisi watoto. Mara nyingine gari la serikali lilikuja mtaani na kutundika kitambaa cheupe, likatuonyesha namna ya kunawa mikono na kukausha tumbaku. Bibi hakwenda kokote. Alisema hawezi kukaa gizani na watu wasiomwamkia. Lakini alitaka kusimuliwa, tena kwa utaratibu, na nikimaliza alitoa hukumu yake kwa kipimo alichokijua.

Nta ilikuwa picha ya kutafuna tu, haina kitu ndani. Asali ya moshi ni ile iliyorinwa na mtu mwenye pupa: amewasha moto mkubwa, utamu upo, lakini unaupata pamoja na kikohozi. Picha za karate zote alizitia hapo. "Anampiga mwenzake hata hajamuuliza ni mtoto wa nani," alilalamika. Za wapanda farasi wenye bastola zilimsumbua kwa jambo jingine. "Wanakula saa ngapi hao?" Nilimjibu kwamba sikuwaona wakila. "Basi ni uongo. Mtu hapigani siku nzima kwa vumbi." Picha ya tumbaku ya lile gari la serikali, amini usiamini, aliipa asali safi ya nyuki wakubwa, kwa sababu kila mtu ndani yake alikuwa na kazi inayoeleweka.

Juu ya zote ilikuwa asali ya nyuki wadogo, wale wasiouma, ambao asali yao ni nyepesi, ina uchachu kidogo, na hupatikana kwa uchache. Ya namna hiyo tulikuwa nayo kibuyu kimoja tu. Kilining'inia kwenye boriti ya chumba cha Bibi, kimezibwa kwa nta, na hakuna aliyeruhusiwa kukigusa. Kilikuwa cha baba mdogo, atakaporudi.

Baba mdogo alipanda treni kwenda pwani kutafuta kazi ya bandarini nikiwa sijaanza shule. Mtu wa mwisho wa kwetu kumwona alimwona stesheni ya Tura, ametoa kichwa dirishani, ananunua mayai ya kuchemsha na kubishana na muuzaji kuhusu chumvi. Baada ya hapo, kimya. Kisha likaja neno kutoka kwa msafiri mmoja, kwamba kijana wa Tabora mwenye jina kama lake alianguka bandarini akafa. Baba alitaka tuweke matanga, watu waje, dua isomwe, nyumba ipate kupumua. Bibi alikataa katakata. Yeye alikuwa binti wa mpagazi, mmoja wa wale waliobeba mizigo kwa miguu hadi baharini na kurudi, na alikuwa na msemo wa nyumba za wapagazi: msafiri hazikwi kwa maneno. Babake mwenyewe, alisema, aliwahi kuliliwa, akatokea njiani na kitambaa kipya begani, akauliza ni nani aliyefariki.

Hivyo ndivyo nyumba yetu ilivyogawanyika. Bibi na mwanawe walikula pamoja, wakasalimiana vizuri, wala hawakutazama juu kwenye boriti.

Ndipo ikaja picha ya Kihindi ambayo mji mzima uliizungumzia kabla haijafika. Jirani yetu, mwanamke wa ukoo wa Kiomani tuliyemwita Mama wa Duka, alikuwa amejifunza Kihindi kwa wauza vitambaa waliofanya biashara na mumewe. Katika onyesho la wanawake, lile la mchana katikati ya juma, yeye ndiye aliyetufasiria, kwa sauti, kutoka kiti cha mbele. Alikuja uani akaeleza: ni habari ya mama aliyeachwa na mwanawe, mwana kapanda treni.

Bibi aliacha kukamua. "Treni? Inakwenda wapi?"

"Ah, shoga yangu, nitajuaje? Bara Hindi huko."

"Na anarudi?"

"Njoo uone mwenyewe. Mimi si redio."

Na Bibi akaja. Alivaa kanga alizozihifadhi kwa ajili ya sikukuu, akabeba karanga kwenye pindo, akasema "hodi" kwenye mlango wa jumba la sinema hadi mkata tiketi akalazimika kumwambia karibu. Alikaa kando yangu wima kama yuko mbele ya hakimu.

Picha zilikuja Tabora kwa treni, zikiwa mikanda kadhaa katika makopo ya bati, na mwendesha mashine aliifunga mmoja baada ya mwingine. Ilipofika sehemu za mwisho taa ziliwaka, tukangoja, zikazimika tena. Na hapo mambo yakawa mabaya. Daraja lilivunjika. Mto ukamchukua mwana. Tukaona jeneza lenye maua, na mama amelilalia, mkononi ana bangili yenye kijiwe chekundu inayogonga ubao. Ukumbi mzima ulilia. Mama wa Duka alifasiri huku akipenga kamasi. "Amekufa... anasema, mwanangu, amekufa..."

"Hawezi!" sauti ilipasuka nyuma yetu. "Steringi hafi!"

Wewe uliyekulia nchini mwetu unaijua sheria hiyo. Steringi ni yule mhusika mkuu, mwenye picha yake, na mhusika mkuu hafi. Anaweza kupigwa risasi, kutoswa na kuungua, lakini hafi. Nilimtazama Bibi. Hakuwa akilia. Alikuwa ameshika karanga moja kati ya vidole viwili, ameisahau.

Taa zikawaka, mkanda wa mwisho ukafungwa, zikazimika. Treni ikaingia stesheni. Mlango ukafunguka, na akashuka yule yule mwana, mzima, anacheka, na sanduku mkononi.

Ukumbi ulilipuka. Wanawake walisimama juu ya viti, vigelegele vikapigwa. Mama wa Duka, ambaye kazi yake ilikuwa kutueleza, alikwama. "Ala! Kumbe... ngojeni... kumbe aliyezikwa siye! Ni mwingine! Wamefanana koti!"

"Si nilisema mimi?" ile sauti ya nyuma ikajigamba. "Mnalia ovyo, mnamaliza machozi ya misiba ya kweli!"

Mwana akamvisha mama yake bangili. Mama akampakulia chakula, akakaa kumtazama akila. Picha ikakatika hapo hapo, bila hata neno la kufunga.

Njiani kurudi Ipuli mimi nilikuwa na swali moja lililonikereketa. "Bibi, ile bangili kapewa leo. Mbona kule msibani alikuwa ameshaivaa?"

Bibi alikaza pindo la kanga yake. "Mama huvaa kabla ya kupewa," akasema. "Nawe jicho lako liache lipumzike."

Baba alipomuuliza ameionaje, hakusema ya nyuki wakubwa wala ya nyuki wadogo. Alielekeza kidevu chumbani kwake. "Ya kibuyu," akasema. Hakuna picha iliyowahi kupewa daraja hilo, wala haikupewa nyingine baadaye. Kwa miaka mingi, kila baba alipogusia matanga, alijibiwa kwa sheria ya ukumbini: "Steringi hafi." Na baba, mtu mzima mwenye kipara, akavaa kofia yake akatoka.

Nilikwenda chuo kikuu. Huko, mchana mmoja, chama cha wanafunzi wapenda filamu kilionyesha picha kuukuu ya Kihindi, nami nikaitambua kwa treni yake. Lakini safari hii mwana alirudi kwanza. Alishuka, akamvisha mama bangili, akala. Kisha akatoka nje, akasikia kelele mtoni, akakimbilia darajani. Mkanda wa mwisho ulikuwa jeneza, na maandishi ya kufunga, ambayo Tabora hakuna aliyeyasoma kwa machozi, yakapita juu ya mkono wenye kijiwe chekundu. Wenzangu waliisifu kwa ukweli wake. Mimi nilikaa pale nikielewa kwamba Tabora yote, mwendesha mashine wetu akiwa ametangulia kwa kubadilisha mikanda miwili ya mwisho, tuliitazama picha hiyo kinyume.

Likizo ilipofika Bibi aliniuliza, kama ilivyo ada, nimeona picha gani huko. Kitambaa kilikuwa kati yetu, michembe pembeni. Nilijua ni nini nilichokishika. Nikisema, ninamgusa baba mdogo. Nisiposema, nitakuwa nimemsimulia kila picha maishani mwake isipokuwa ile aliyoipenda. Nilimsimulia kwa utaratibu, kama alivyonifundisha, tangu treni hadi maua.

Alikamua sega hadi likakauka. "Mmeonyeshwa kinyume," akasema.

"Huenda, Bibi."

"Hao wa chuo wamechanganya mikanda. Waambie." Akaweka sega lililokauka kwenye rundo la nta. "Na hiyo ya kwenu ni ya wapi? Hapa?"

"Hapana, Bibi. Si nta."

"Mimi sijasema ni nta. Nimekuuliza."

Nilikosa daraja la kuitia. Naye akachukua sega jingine.

Asubuhi yake tulimkuta ameketi uani na kibuyu mapajani, anaichokoa nta iliyokiziba kwa ncha ya kisu. Baba alisimama mlangoni. Bibi hakumtazama. "Waite watu," akasema. "Sukari hamna, na chai ya msiba haiwezi kunywewa kavu."

Wakaja, dua ikasomwa, na asali ya baba mdogo ikapita kutoka kikombe hadi kikombe mpaka kibuyu kikatoa mlio mtupu. Mama wa Duka alikunywa akalia, akamwegemea shoga yake. Siku ilipokaribia kwisha, nilipokuwa nikikusanya vikombe, Bibi alinivuta kanga. "Ile ya kwetu bado ni ya kibuyu," akanong'ona. "Usije ukadhani nimebadilisha."

Mpaka leo sijui ni jambo gani lililomfungua. Pengine alikuwa ameiona bangili mapema kuliko mimi, pale pale gizani. Pengine aliichagua tu picha moja kati ya mbili, akawa na haki. Nimesoma vitabu kadhaa kuhusu sanaa ya filamu, na hakuna hata kimoja kilichozungumzia haki hiyo. Sasa jumba la sinema ni ghala, nyuki wadogo wamerudi nyuma pamoja na msitu, na hakuna tena Mama wa Duka wa kukaa mbele ya giza akatafuta, kwa haraka na kwa huruma, sababu ya marehemu kushuka kwenye treni.

Jana nilimweleza mtoto habari za picha ile. Aliipekua simu yake akaipata, nzima, imesafishwa rangi. Tukaitazama mchana, michembe katikati. Ilipokaribia pale treni inaporudi, niliuweka ukucha kwenye ule mstari mwembamba wa chini wa kusogezea picha, nikaruka kurudi kwa mwana, nikaenda moja kwa moja darajani. Tukatazama mto, jeneza na kijiwe chekundu. Kisha nikavuta nyuma, na treni ikaingia stesheni.

"Shangazi! Unaitazama kinyume!"

"Hapana, mwanangu," nikamwambia. "Tabora ndivyo inavyotazamwa."

Mwana akashuka na sanduku lake, anacheka. Mama akampakulia. Niliizima kabla hajamaliza kula, na mtoto, kwa mara ya kwanza tangu nije, hakuuliza nyota.