Hodi ya Mjomba

Nilikuwa naanika nguo simu ilipolia. Alikuwa mlinzi wa kizuizi cha njia, kule kwenye mji wetu wa zamani.

"Dada, kaa chini kwanza," akasema, nami nikajua. "Nimemkuta mzee, mjomba wako, kwenye kizingiti cha nyumba ya yule fundi cherehani. Nilidhani anasinzia. Kopo la mafuta liko wima pembeni yake, halijamwagika hata tone."

Nilimshukuru Mungu kwa kopo lile. Lilinionyesha kwamba hakuhangaika.

Mjomba alikuwa seremala. Ndiye aliyenilea na kunisomesha hadi kidato cha nne. Miaka tisa iliyopita mlima uliporomoka ukafunika nusu ya chini ya mji. Nusu ya juu ilibaki imesimama, lakini ikatangazwa kuwa haikaliki tena, tukahamishiwa ng'ambo ya bonde. Watu walifunga nyumba kama wanaokwenda sokoni, wakamwachia yeye funguo, kwa kuwa karibu kila mlango pale aliuchonga yeye. Akaomba kibali cha kuingia kila Jumanne asubuhi, akawa anatia mafuta bawaba na kupiga randa pale palipovimba.

"Wakirudi milango ikagoma, watamlaumu nani?" aliniuliza.

Siku moja nilimsindikiza. Mtaa mzima kimya, majani yamefika madirishani. Alibisha mlango wa kwanza: "Hodi! Hodi! Hodi!" Kisha akasimama, muda wa mtu kutafuta kandambili zake na kufika mlangoni. Ndipo akaingiza ufunguo.

"Mjomba, unampigia nani hodi? Panya?"

"Panya nao wana familia."

"Na hakuna anayekujibu."

"Ile 'karibu' walinipa siku waliyonipa funguo. Hodi ndiyo yangu. Nikiacha, nitakuwa mwizi mwenye kopo la mafuta."

Alikuwa na ombi moja tu, nililolisikia hadi nikachoka: akifa, atolewe kwenye mlango wake mwenyewe, alazwe kando ya mke wake katika makaburi ya juu. Lakini tangu tuhame hakuna aliyeruhusiwa kuzikwa kule. Mchana wa siku ile ya simu nikaenda kwa afisa wa maafa.

"Pole sana, dada," akasema. "Ila haiwezekani. Nikikuruhusu wewe, kesho nitamkatalia nani? Na ardhi ile ikiteleza na watu juu yake?"

Alisema kweli. Nikasali kimoyomoyo, nikainuka. Nilikuwa nimeshashika kitasa aliponiita.

"Mlango wa mama yangu, ule wa bluu karibu na kisima... bado unafunguka?"

"Unafunguka. Mjomba alisema anautia mafuta kabla ya mingine yote, maana mama yako alikuwa mkali."

Akacheka, kisha akajifuta macho kwa kiganja. Akaniuliza kama mvua ilinyesha wiki ile. Nikamwambia haikunyesha. "Watu ishirini," akasema. "Kwa muda wa saa mbili tu. Na mimi nitakuwepo."

Alhamisi tulimpeleka. Jeneza lilichongwa na wanafunzi wake, na mmoja alilalamika njia nzima kwamba mzee angelikataa kwa sababu ya kona moja. Tulipofika nyumbani kwake, mchungaji akanyoosha mkono kusukuma mlango. Mlinzi wa kizuizi akamshika bega.

"Baba mchungaji, hodi kwanza."

Mchungaji akaona haya kidogo, akabisha. "Hodi. Hodi. Hodi." Tukangoja na jeneza mabegani. Afisa alitazama saa yake, halafu akaurudisha mkono wake nyuma, naye akangoja. Kisha nikafungua. Mlango haukulia.

Tulimlaza sebuleni, tukaimba wimbo mmoja, mchungaji akasali. Tukamtoa kwenye mlango ule ule, miguu ikitangulia, tukapanda hadi makaburini. Kaburi la mke wake lilikuwa limefyekwa vizuri. Kumbe Jumanne zake hazikuwa za milango peke yake. Tukamsitiri kando yake. Kila mmoja alitupia udongo, na mimi nikamwambia: "Mjomba, lala salama, Bwana akupokee."

Tukarudi kufunga nyumba. Nikatia mafuta bawaba zote tatu, nikafunga, nikauning'iniza ufunguo kwenye kishada pamoja na zile nyingine alizoachiwa. Dakika kumi zilikuwa zimebaki. Tukashuka hadi kizuizini, mlinzi akatuhesabu tulipotoka, akashusha mti.