Injini Iliyofungwa Jikoni kwa Mama

Jana asubuhi jirani yetu hapa Kyela mjini alileta mtu wa kumkatia mparachichi wake kwa msumeno wa mashine. Moshi ukatufikia barazani, ule moshi wa buluu wa petroli iliyochanganywa na oili, mtamu kidogo puani na mchungu kooni. Nilikuwa nimekaa na mama, nimechoka uchovu ambao kila aliyewahi kumuuguza mzazi anaujua. Mama siku hizi haoni vizuri, tunasubiri zamu yake ya kupasuliwa mtoto wa jicho. Aliinua kidevu, akanusa. "Pikipiki ya tata hiyo," akasema, maana ndivyo anavyomwita baba mkwe wake. Kwetu pikipiki hiyo huwa haitajwi. Leo nitaitaja kwenu, maana nimeshachoka kuibeba peke yangu.

Nilizaliwa kijiji cha Ngana. Nyumba yetu na ya babu, baba yake baba, zilitenganishwa na shamba dogo la migomba lenye mikakao michache pembeni. Kwa wageni ilionekana familia moja, na kweli tulikuwa familia moja, ila mama na babu walikuwa hawaonani. Si kwamba waligombana. Kwetu Wanyakyusa wa zamani mke wa mtu haonani na baba mkwe wake. Hasemi naye, hamtazami usoni, hamgusi, wala hatamki jina lake. Akisikia anakuja hupisha njia, akainama na kujifunika khanga mpaka apite. Mzee naye ana wajibu wake: akohoe kabla ya kutokea, na wakikutana kwa bahati mbaya ageuke upande. Ni heshima, tena nzito kuliko zote. Wengi kijijini walikuwa wamekwisha kuilegeza, lakini babu alikuwa mwinjilisti mstaafu, mtu wa Biblia na wa mila kwa pamoja, na mama alikuwa mkaidi, hakutaka mtu aseme kwao hawakumfunda.

Babu aliitwa Petro. Kwa hiyo mama hakuweza hata kutamka petroli. Aliponituma dukani aliniambia nilete "yale maji yanayonuka," na Mzee Salumu, mwenye duka ambaye wazazi wake walitoka pwani, alikuwa akicheka mpaka kofia inateleza. "Mama yako na heshima zake," alizoea kusema, "siku moja nitakupa maji ya samaki."

Baba alikuwa amevuka mpaka wa Kasumulu kwenda Malawi kutafuta kazi. Mpunga ukavunwa, ukapandwa tena, na hatukusikia neno lake. Ndipo mjomba Anyitike, kaka yake mama, alipokuja kutoka Ipinda na baiskeli, akala, akanawa, akasema, "Dada, mume hayupo, unamlimia nani? Tukishavuna mara hii nakuja kukuchukua." Mama alimjibu kwamba subira yavuta heri. Mjomba akamwambia subira yake yeye imevuta kutu. Alipoondoka mama alikaa muda mrefu akichambua mboga zilizokwisha kuchambuliwa. Hakutaka kurudi kuwa mgeni katika jiko la wake za kaka zake. Na mimi nilijua wazi kwamba akiondoka, nitamfuata, na babu atabaki peke yake.

Mimi ndiye niliyekuwa nikimpelekea babu uji wake, na siku hiyo nilimpelekea na habari hiyo. Alikunywa hadi mwisho ndipo akasema, "Mwambie mama yako ile pikipiki yangu ikiwaka, ni yake. Awe anachukua vyungu sokoni Lyulilo, auze mjini. Mwenye kazi yake haondolewi na mtu."

Pikipiki yenyewe ilikuwa imeegemea ukuta wa nyumba yake tangu kabla sijazaliwa. Ni ile aliyopewa alipostaafu, ya zamani, ambayo ukiijaza petroli sharti uchanganye na oili, na ukipita nayo watu watajua umepita hata kesho yake. Kuku walitagia chini ya kiti chake. Mama alijua kuendesha, baba alimfundisha mwaka wa kwanza wa ndoa kwenye majaruba yaliyokwisha kuvunwa, lakini kufungua injini ni jambo lingine.

"Mwambie tata ndaga fijo, asante sana," alisema mama. "Ila fundi ni yeye. Mimi najua cherehani tu."

Nikavuka migomba. Babu akajibu, "Mwambie mikono yangu imechoka. Yeye afungue, mimi nitaelekeza."

Ndivyo injini ilivyohamia jikoni kwetu, ikakaa juu ya gunia kati ya mafiga na mtungi wa maji. Mama alirudi kutoka shambani na matope hadi magotini, akapika, akatulisha, ndipo akaketi kuishughulikia. Sikumbuki kumwona akiinuka bila kushika kiuno. Pistoni ilikuwa imeshikana na silinda kama ndugu wawili wanaogombea shamba. Babu aliagiza imwagiwe mafuta ya taa na iachwe. Tuliiacha, mama akaigonga kwa mwiko wa ugali, haikutoka, tukaiacha tena. Ilipoachia mwishowe, mama hakufurahi hata kidogo. Alisema tu, "Haya," akajifuta jasho na mkono mweusi, akaenda kanisani na alama ya masizi kwenye paji la uso.

Kila kipande kilichotoka nilikipeleka kwa babu kwenye sahani ya bati. Alikigeuza taratibu mikononi, akapitisha ukucha kila ukingo, akanusa plagi, akagusa masizi kwa ncha ya ulimi na kutema. Halafu likaja agizo, na karibu kila agizo lilikuwa na neno lilelile: mwambie aangalie. Aangalie kama kuna michirizi ndani ya silinda. Aangalie mshale juu ya pistoni unaelekea kwenye ekzosi. Aangalie kale kapini kadogo kwenye mfereji wa ringi, ncha mbili za ringi lazima zikutane hapo, zikikaa pengine zitakatika. Mama alipenda neno hilo. "Tata anayaamini macho yangu," aliniambia, na katika msimu ule mzima hilo ndilo jambo pekee nililomsikia akijisifia.

Msidhani waliongea kwa upole siku zote. Mama alivunja ringi ya kwanza kwa kuipanua kupita kiasi, na babu akaniambia, "Mwambie hata kuku hawezi kutia ringi hivyo." Nikavuka migomba nikasema, "Babu anasema ujaribu tena." Mama akajibu, "Mwambie aje aitie mwenyewe kama hajachoka." Nikarudi nikasema, "Mama anasema sawa." Hivyo nilijifunza mapema kwamba mjumbe hauawi, lakini akili kidogo inamsaidia.

Ekzosi tuliichomea kwenye moto wa pumba za mpunga mpaka uchafu wote ukageuka majivu. Gasketi, ile karatasi ya kuziba kati ya vyuma, mama aliikata kutoka kwenye katoni ya biskuti, kwa mkasi wake wa nguo, baada ya kupaka oili kwenye ukingo wa silinda na kuigandamizia katoni ili alama ijitokeze. Nilipompelekea babu aliipapasa tundu kwa tundu. "Mwambie fundi cherehani," akasema, "hii ni nzuri kuliko ya dukani." Ujumbe huo niliupeleka bila kubadilisha neno.

Mpunga ukaiva. Tukavuna, tukapiga, tukaanika. Mjomba alikuja asubuhi moja kama alivyosema, akakuta mizigo haijafungwa na mama amechuchumaa nyuma ya jiko, mbele ya pikipiki iliyokamilika, akimimina ndani yake maji yanayonuka. "Nipe nafasi hii moja, kaka," mama alimwambia. "Isipowaka, naondoka na wewe." Babu alikuwa kwake ng'ambo ya migomba, akisubiri kusikia.

Mama alipiga kiki. Kimya. Akapiga tena, na tena, kandambili ikamtoka, mjomba akaanza kukuna kidevu. Kisha ikakohoa, ikatema moshi, ikashika. Kelele ile iliwarusha kuku juu ya mapaa. Mama aliinamia usukani akiongeza mafuta, na mgongo wake wote ulikuwa ukitikisika kwa kicheko. Nami nilikuwa nikiruka. Tulikuwa tumeshinda, tunabaki.

Babu akatokea kwenye migomba. Kama alikohoa, nani angesikia? Alikuja moja kwa moja, mikono mbele kidogo, hadi karibu na gurudumu. Mama aliona miguu. Akajitupa chini, akajifunika khanga, akasubiri miguu igeuke. Haikugeuka. Ilisimama pale, vidole vikimwelekea yeye. Babu alikuwa na uso wake wote juu ya mama, macho wazi, anatabasamu.

Mjomba alizima injini. Katika ukimya ule babu alishtuka, akauliza, "Mbona mmeizima?" Mjomba alimshika mama bega akamwinua akiwa bado amejifunika. "Mzee amekukodolea macho, tena anacheka," alisema kwa sauti ya chini. "Mume wako hayupo, na baba yake anafanya hivi mbele yangu. Nisipokuwepo je?" Babu alisikia. Akasema tu, "Nilifuata mlio," akageuka, akarudi alikotoka.

Mama hakubishana tena. Angeweza kuvumilia njaa na kuvumilia mume asiyerudi, lakini si kudharauliwa na mtu aliyemheshimu hivyo. Tuliondoka mchana huohuo, mimi nimekaa nyuma ya baiskeli ya mjomba nikilia, mama akitembea pembeni na kitenge kichwani. Pikipiki tuliiacha palepale. Babu alifariki mvua zilizofuata. Tulikwenda kuzika, na watu walipopita kutoa heshima za mwisho, mama alibaki nje na wanawake wa jikoni.

Nimeishi na jambo hilo miaka yangu yote kama lilivyosemwa: babu alimkosea mama. Nililia kwa ajili yake, lakini sikumtetea, kwa sababu nilikuwepo, niliona.

Jana, baada ya moshi ule, nilimsogezea mama chai. Alinyoosha mkono kuipokea, ukapita pembeni ya kikombe. Alitabasamu kuelekea nilipokuwa nimekaa kabla sijahama, macho wazi kabisa, akasema, "Ndaga, mwanangu." Nikabaki nimeshika kikombe hewani. Nilimwona babu. Niliona jinsi alivyoweka kiganja kichwani mwangu kila nilipofika, nami nikidhani ananibariki, kumbe anapima ni nani. Niliona uji aliousubiri nimwekee mkononi. Niliona kwamba hakuna kipande hata kimoja cha injini ile alichokitazama. Mimi mtoto nilidhani mafundi wote wako hivyo. Na mtu mzima pekee aliyeishi naye karibu, mtu mwenye macho mazuri kuliko wote, alikatazwa kumwangalia.

"Mama," nilisema, "babu alikuwa haoni."

Alitafuta ukingo wa meza, akaushika. "Siku ile hakuniona?"

"Hakukuona."

"Basi kwa nini hakusema?" Aliuliza kwa hasira, hasira ya mtu aliyechelewa. "Angesema neno moja tu, nisingeondoka."

Nadhani babu alilijua hilo, ndiyo maana hakulisema. Alitaka mama abaki kwa sababu ana kazi yake. Hakutaka abaki kulea kipofu ambaye mila haimruhusu hata kumshika mkono. Mzee yule alichagua kubaki na jina baya kuliko kumfunga mtoto wa watu nyumbani kwake. Nilikuwa mjumbe wao msimu mzima, na huo ndio ujumbe pekee ambao hakunituma.

Sikumwambia mama hayo yote. Alikuwa akilia, taratibu, bila kujifuta. Baadaye alivuta pumzi, akageuza uso kuelekea sauti yangu.

"Wewe ulimwona," akasema. "Niambie, uso wake ulikuwaje?"