Samaki Aliyefumba Mdomo

Haya ninayoandika yalinipata mimi mwenyewe, sebuleni kwangu, nikiwa nimesimama kwa miguu yangu miwili na sijanywa kitu. Naanza na hilo la kunywa kwa sababu ndilo swali la kwanza watu wa Kyela wananiuliza. Pombe niliiacha tangu nilipoanza kununua kakao, maana kazi ya mizani haitaki mkono unaotetemeka.

Mimi nimeishia darasa la nne. Nimebeba magunia pale mpakani Kasumulu, nimeuza mchele pande zote mbili za mto Songwe, na leo nina mashine ya kukoboa mpunga, lori, na nyumba ya vyumba saba yenye vigae mpaka jikoni. Nakutajia hayo ili ujue unaongea na mtu gani. Aliyefika hapa kutoka kubeba magunia hawezi kuwa mtu wa kuona vitu ambavyo havipo.

Katika nyumba hiyo niliweka kitu ambacho mwenye mashine mwingine yeyote mjini hana: tangi la vioo la kufugia samaki wa mapambo. Alinitengenezea fundi wa madirisha ya alumini, dogo tu, urefu wake kama meza ya sebuleni. Mawe niliyafuata mwenyewe Matema, nikayapanga mwenyewe, moja juu ya jingine, yakawa na mapango na vichochoro kama mlima wa kweli. Nikaweka mashine ya kupuliza hewa. Nikatafuta samaki wa mawe wa ziwa letu, wale wadogo wenye rangi kali ambao ng'ambo Malawi wanawaita mbuna. Wa kwanza alikuwa dume la bluu lenye milia myeusi. Nilimwita Bosi.

Shida ilianza nilipotaka kumwongezea wenzake. Nilichagua kwa macho kwanza: nikaleta mwingine wa bluu, mzuri kama yeye. Asubuhi nikamkuta anaelea, mkia umeliwa. Nikasema labda huyu alikuwa mnyonge, nikaleta dume kubwa zaidi. Wakapigana siku nzima, yule mgeni akaruka nje ya tangi akafia kwenye vigae vyangu. Nikabadilisha rangi, nikaleta wawili wa njano. Hao walijibanza juu, karibu na mashine ya hewa, hawathubutu kushuka kwenye jiwe hata moja, mpaka wakaisha.

"Baba Lusajo," mke wangu akaniambia, "umefungua bucha ya samaki wasiolika."

Mke wangu ana mdomo, huyo.

Lusajo ni mwanangu wa kwanza. Wakati huo alikuwa ameoa mwaka wa pili, na yeye na mkewe, Bupe, walikaa kwangu, chumba cha nyuma. Alikuwa ameniomba mara nyingi nimpe kiwanja changu cha Ikolo ajenge. Nilimkatalia. Nimejenga vyumba saba vya nani, basi? Nikamwambia mtoto wangu hatafyatua tofali la tope huku mimi nina vigae. Alipoomba mara ya mwisho alisema, "Nisipopata Ikolo, baba, tutaenda Mbeya kupanga." Hilo liliniuma. Nilijua akishaenda Mbeya nimempoteza.

Na huyo mkwe, ukweli nilikuwa namwona kama mtu aliyenuna. Sisi Wanyakyusa mkwe wa kike hatazamani na baba mkwe, hilo nalijua, nimezaliwa nalo. Lakini nilidhani kwenye nyumba kubwa hivi mambo hayo yanaisha yenyewe. Hayakuisha. Nikiingia sebuleni, anatoka. Nikitoka uani, anaingia. Akibanwa anasimama kati ya kabati na ukuta, uso pembeni, mpaka nipite. Chakula anakula chumbani. Sauti yake sikuwa naijua.

Sasa sikiliza. Jumamosi moja nilikwenda Lyulilo, gulioni, kule ambako akina mama wa Kikisi, wale wafinyanzi wa mwambao, wanashusha vyungu kutoka kwenye mitumbwi. Nilikuwa natafuta mvuvi wa kunipatia samaki. Nikapita kwa mama mmoja muuza vyungu, mtu mzima, nikaona kwenye chungu kimoja chenye maji kuna samaki yuko peke yake. Jike, rangi ya udongo, halina uzuri wowote. Kidevu chake kilikuwa kimejaa, kama mtu aliyetia tonge kubwa mdomoni akasahau kumeza.

"Mama, huyu anauzwa?"

"Unampeleka wapi?"

"Nyumbani. Nina jumba lake la vioo."

"Nani yuko humo?"

Nikacheka. Nikamwambia, mama, mbona unaniuliza kama nimekuja kuposa. Naye hakucheka.

"Nakuuliza nani yuko humo."

"Yupo dume mmoja. Mkubwa, ana mawe yake."

"Basi huyu hafai. Tafuta wadogo wa rika moja uwaingize siku moja, wote wageni. Huwezi kumleta mgeni kwa mzee mwenye mawe yake." Akanitazama vizuri. "Wewe si Mnyakyusa? Babu zenu hawakulala kijiji kimoja na watoto wao. Vijana wakikua walikata kijiji chao, wao na rika lao. Mmesahau kwa sababu ya bati?"

"Vigae," nikamwambia. "Kwangu ni vigae."

Akachoka na mimi. Mwisho alinipa, na chungu chake, akasema kitu kimoja tu: "Akifungua mdomo, usibishane naye." Nilidhani ni utani wa sokoni. Wewe ungedhani nini?

Nilipomtia kwenye tangi, Bosi alimfuata hapo hapo. Yule jike hakupigana wala hakujificha kwenye mawe, maana kila jiwe lina mwenyewe. Alijibanza kona ya juu kati ya mashine ya hewa na kioo, akakaa hapo. Nikampa chakula, hakula. Kesho yake hakula. Mapezi yakaanza kuchanika, vipande vipande kama kitambaa kilichonaswa na miba. Kidevu kikawa kinazidi kujaa. Nilidhani ana uvimbe, nikasema ikifika Jumapili inayofuata sijamwona anakula namtupa nje, asije akamwambukiza Bosi.

Hatukufika Jumapili hiyo. Ilikuwa wakati wa mvua zile kubwa, unazijua mvua za Kyela. Jioni, giza ndiyo linaingia, umeme ukakatika. Mke wangu alikuwa kwenye mazoezi ya kwaya. Mashine ya hewa ikanyamaza. Nikachukua simu, nikawasha tochi, nikaenda sebuleni kutazama samaki.

Kulikuwa na mwanamke ameinama juu ya tangi.

Sikuogopa, niamini. Nilijua ni mwanakwaya amejihifadhi na mvua. Nikasema, "Karibu mama, ungekaa kwenye kochi." Hakujibu. Alikuwa amevaa kitenge cha rangi ya udongo, na pindo lake lilikuwa limechanika vipande vipande. Mashavu yake yalikuwa yamejaa. Nikamsemesha tena, pole mama, ni jino? Akanitazama, mdomo ameufumba.

Halafu akaingiza uso ndani ya maji, mpaka masikioni.

Nilikuwa upande wa pili wa kioo na tochi mkononi, kwa hiyo hili niliona kama ninavyoona karatasi hii. Aliufungua mdomo taratibu, wakatoka samaki wadogo. Wengi. Wadogo kama punje za mchele, na mchele naujua mimi kuliko mtu yeyote mjini hapa. Walitoka wakasimama mbele ya uso wake kama wingu, macho meusi tu, hawajui waende wapi.

Bosi akachomoza kwenye pango lake.

Yule mama alifungua mdomo tena, na wale watoto wote wakageuka kwa pamoja wakarudi ndani. Akaufumba. Akainua kichwa, maji yanamdondoka, mashavu yamejaa kama mwanzo. Akamnyooshea Bosi kidole. Halafu akaonyesha mlango. Nikamulika kona ya mashine ya hewa. Yule jike wangu hayupo.

Wewe ungekimbia? Mimi sikukimbia, na sababu si ushujaa. Yule mama alikuwa amechoka. Nimewahi kubeba mzigo, naujua uso wa mtu aliyebeba akakosa pa kutua. Nikaita, "Lusajo."

Akaja na mkewe nyuma yake, ana kandili. Nilitaka kujua kama wao pia wanaona. Lusajo akasimama mlangoni, akamwangalia yule mgeni, akasema kama tulivyomlea:

"Shikamoo, mama."

Yule mama akainamisha kichwa.

"Tumtoe Bosi," nikasema.

"Bosi wako?"

"Tumtoe. Sasa hivi."

Kumtoa Bosi si kazi ya mtu mmoja. Anaingia kwenye mawe, ukimfuata huku anatokea kule. Lusajo akavua shati, akaingiza mikono.

"Baba, hatoki humu mpaka tuyaondoe mawe."

"Toa."

"Ulisema haya mawe hayaguswi mpaka ufe."

"Toa mawe, Lusajo, usinihutubie."

Akawa anatoa moja moja, ananipa, mimi naweka chini kwenye vigae. Mlima wangu wote ukaisha. Bosi akabaki hana pango, anazunguka kwenye kioo kitupu, na nikashangaa jinsi alivyokuwa mdogo. Lusajo akamkamata kwa kichujio cha jikoni, tukamtia kwenye ndoo.

"Umesumbua sana kwa nyumba ya kupewa," Lusajo akamwambia yule samaki.

Nikainua macho kutafuta mwanga. Bupe alikuwa ameshika kandili, mkono ameunyoosha kwetu, uso ameugeuzia ukutani kwa ajili yangu. Amesimama kati ya kabati na ukuta, amejibanza kwenye ile kona yake, na mdomo ameufumba kabisa. Nimeona kona hiyo mara ngapi? Miaka miwili. Lakini wiki ile nzima nilikuwa natazama kona nyingine.

Tulipogeuka, yule mama hakuwepo. Mlango ulikuwa umefungwa kwa komeo kwa ndani. Penye tangi, sakafuni, palikuwa na maji kidogo na uzi wa kitenge, rangi ya udongo. Tukarudisha mawe machache, hovyo hovyo, bila kupanga. Umeme uliporudi nikakuta wale wadogo wametawanyika kwenye mawe yote, kila mmoja na upenyo wake, hakuna anayemfukuza mwingine. Na kati yao yuko yule jike, mapezi yamechanika vile vile, kidevu kimenywea. Nikamtupia chakula. Alikula kama mtu aliyetoka hospitali.

Kesho yake nilimpeleka Bosi Matema, nikamwachia majini. Nikapita Lyulilo kumrudishia mama chungu chake. Alikuwa anafunga mzigo kwa nyasi. Akaniuliza, "Amefungua mdomo?" Nikamwambia ndiyo. "Ulibishana naye?" Nikamwambia hapana. Akapokea chungu, akaendelea kufunga.

Niliporudi nilimwambia Lusajo kiwanja cha Ikolo achukue, na tofali nitatoa mimi. Akasema, "Ndaga, tata." Hiyo ni asante yetu, na alikuwa hajaniambia kwa Kinyakyusa tangu akiwa mtoto.

Siku nilipokwenda kuwaona, nyumba ilikuwa imeshaezekwa. Nikazima gari barabarani kwenye migomba, nikasikia mwanamke anacheka nyuma ya nyumba, kicheko kikubwa, cha kutoka tumboni, mpaka nikatabasamu na sijui anacheka nini.

Lusajo alipotoka nikamuuliza, "Una wageni?"

"Hakuna, baba. Ni Bupe huyo."

Niliketi kwenye benchi la mbele, nikakohoa kama inavyotakiwa ili mkwe ajue nimefika. Nikaletewa ndizi na chai kupitia kwa mwanangu. Nilikula nikashiba.

Sasa madhara, maana hayakuisha. Mimi ni mtu wa Kyela nisiyekula samaki. Mbasa, usipa, wowote. Nikiweka mdomoni nahisi kitu kinataka kutoka kiende kwenye maji. Madaktari wameshindwa, mchungaji ameniombea. Na ile sebule yangu, ikishafika jioni, siingii bila kupiga hodi. Mke wangu alikuwa ananicheka. Alicheka mpaka siku moja alipopiga hodi kwa kunitania, akatoka humo kimya, tangu hapo naye anapiga.

Kwa hiyo ukitaka kuanza tangi lako dogo, nisikilize mimi niliyeumia. Usianze na dume moja ukampa mawe yote. Nunua wadogo wa rika moja, uwaingize siku moja. Usiweke madume mawili ya rangi moja. Ukilazimika kuongeza wageni, vunja mawe kwanza, uyapange upya, ili asiwepo mwenyeji. Na ukimwona jike amejibanza konani, hali, kidevu kimejaa, usiseme ni ugonjwa na usimtupe. Mhamishe dume wako mapema, ukiwa bado unaweza kuamua mwenyewe. Ukichelewa atakuja kuamua huyo jike mwenyewe, na utakuwa unapiga hodi kwenye nyumba uliyoijenga kwa mikono yako.