Mwenye Roshani

Usinitazame hivyo. Sikunywa, wala sikuota. Ilikuwa mjini Arua, jua bado lipo, na watu wanapita barabarani.

Serikali ilipowafukuza Wahindi nchini, mume wangu, dereva wa jeshi, alipewa funguo za nyumba ya ghorofa juu ya duka. Mimi ni mtu wa Kuluba, kule Koboko. Ghorofa nilikuwa naiona kwa nje tu. Nikapanda na binti yangu Zainabu, ndiyo kwanza anatambaa. Tukakuta masufuria jikoni, nguo kabatini, hata mafuta ya nywele. Mume wangu akasema vyote sasa ni vyetu. Nami nikafurahi, kwa nini nikufiche?

Roshani ndiyo niliipenda zaidi. Kwetu muhogo tunauanika juu ya mwamba. Mjini mwamba utautoa wapi? Nikaumwaga pale sakafuni, mweupe pee. Lakini kila jioni naukuta umesukumwa chini barabarani, mbuzi wanakula. Nikamgombeza fundi cherehani, Mkongo aliyeshona barazani chini yetu. Akanijibu taratibu kwamba mama mwenye nyumba hakupenda uchafu kwenye roshani yake, kila jioni alikuwa akiifagia. Nikamwuliza, kwani alikufa?

"Hapana. Ile mama iko Ulaya, iko hai. Lakini anafagia."

Nikamcheka. Mjinga mimi! Siku chache baadaye nikamwacha Zainabu kwenye mkeka pale roshani, nikashuka kununua makaa ng'ambo ya barabara. Wakati wa kurudi, vipande vya muhogo vikaniangukia kichwani. Nikainua macho.

Mwanamke wa Kihindi, mzee, sari ya kijani, anafagia. Hana haraka. Anausukuma muhogo pale ambapo vyuma vya roshani vilikuwa vimeng'oka, tumefunga kamba tu, na mwanangu amekaa katikati ya ule muhogo. Ufagio ukamfikia mgongoni, ukamsogeza. Ukamsogeza tena. Wallahi, kupanda ngazi nisingewahi.

Nikapaza sauti mbele ya watu wote, maneno ambayo mume wangu angeyasikia angenipiga: "Mama, nyumba ni yako. Sisi si wenyewe. Mtoto hana kosa, niachie."

Akasimama. Akanitazama sana, akauegemeza ufagio ukutani, akainama.

Nilipofika juu, mlango wa roshani ulikuwa umefungwa kwa komeo la ndani, na Zainabu yuko jikoni anacheza na kijiko. Mtu mwingine hakuna.

Kesho yake nikarudi Kuluba na mtoto. Mume wangu akakataa kuhama, na ndoa ikaishia hapo. Nikajenga kwangu, nyumba ndogo, kwa mikono yangu.

Ikaja vita ya sabini na tisa, nasi tukakimbilia Kongo. Nilikaa huko miaka, na kila jioni nilikuwa naiwaza nyumba yangu mpaka nalia. Niliporudi nikakuta mwanamke mgeni amehamia, sijawahi kumwona maishani. Nikabisha hodi kwa adabu.

Aliponiona akamvuta mtoto wake, akamficha nyuma yake.

"Mama," akasema, "leo umekuja mapema."

Basi ukipewa funguo za nyumba ya mtu aliyefukuzwa, zirudishe. Usijipe moyo kwamba yuko mbali, yuko hai. Mimi nilikuwa hai, na sikujua kwamba nilikuwa nakwenda.