Mgomba Tuliouzika Mahali pa Baba

Ndani ya kaburi la baba yangu hakuna baba. Kuna mgomba.

Nimeanza hivyo makusudi. Mwenye moyo mwepesi aishie hapa.

Najua nimepotea. Tangu likizo kubwa ya mwaka jana sijaandika kitu kwenye blogu hii. Wengine mmenitumia ujumbe mkiuliza kama nimeolewa. Sijaolewa, asanteni.

Kwa wageni: naitwa Christa, mwalimu wa shule ya msingi hapa Ndosho, Goma. Julai shule zikifungwa, wenzangu wanauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, sokoni. Mimi naazima vitabu parokiani, nasoma, halafu nakuja hapa kuwachosha na maoni yangu.

Likizo ile ya 2024 nilichoka na riwaya. Nikasema, ngoja niandike historia ya kwetu.

Basi nikaandika kuhusu baba.

Baba yangu, Murhula, alipotea Januari 2002, volkano ilipokata mji katikati. Nilikuwa mtoto mdogo. Mama, Namegabe, alinibeba mgongoni tukavuka mpaka Gisenyi. Baba alirudi nyuma kuchukua cherehani yake. Alikuwa fundi nguo, na ile mashine ndiyo ilikuwa inatulisha.

Hakuonekana tena.

Watu wakasema moto ulimmeza. Mwili haukupatikana. Na kwetu, upande wa Bukavu, wazee wa familia yetu hawaachi mtu hivi hivi. Kaka yake mkubwa, baba mkubwa Bashige, alikata mgomba urefu wa mtu, wakauvika shati la baba, wakauweka kwenye sanduku. Wakaulilia. Mama akanyolewa nywele. Wakauzika Buhene, pembeni mwa Goma, kwenye kiwanja cha Bashige, na msalaba wenye jina la baba juu yake.

Padri hakuambiwa kilichokuwa ndani.

Hayo yote niliyaandika hapa, nikaweka na picha ya baba ya siku ya harusi. Mlisoma, mkanipa pole. Nikajisikia mwandishi kweli kweli.

Siku ya tatu akaja msomaji mmoja, Annonciata. Mama wa mji wa Kiwanja aliyekimbia vita, akaishia kwenye kambi ya Mugunga. Aliandika hivi:

"Madame Christa, ule muzee wa ku photo, mwenye kovu ku nyusi, ananiuzishaka makala huku Mugunga. Amezeeka, lakini ni yeye. Banamuita Adalbert."

Makala, kwa msio wa huku, ni mkaa. Nilikasirika. Nikadhani ni mtu wa kunichezea.

Nikampelekea mama simu. Alikuwa uani anachagua maharage.

"Mama, ona wajinga wa mtandaoni."

Alisoma. Mikono ikasimama ndani ya sinia.

"Futa ile photo," akasema.

"Kwa nini?"

"Christa, futa. Watu wasimutambue."

Mnajua jinsi mtu anavyopata jibu kabla hajajibiwa? Nikakaa chini kwenye vumbi na gauni langu jeupe.

"Iko muzima?" nikauliza.

"Iko muzima."

"Tangu lini unajua?"

"Tangu ulikuwa première primaire, darasa la kwanza."

Nilimwambia maneno ambayo sitayarudia hapa. Ndipo akanieleza.

Siku ile ya volkano askari walimkamata baba barabarani wakampa mizigo abebe. Wakamfikisha porini huko Walikale, na huko alikaa miaka miwili. Alipotoroka alikwenda moja kwa moja kwa kaka yake Buhene. Hakufika mlangoni. Aliuona msalaba na jina lake.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo kila kitu kinasimama. Wazee wetu wanasema hivi: aliyezikiwa mgomba akirudi, haingii nyumbani kwake mpaka waliouzika waufukue na kuuchoma. Akiingia kabla ya hapo, kaburi litadai mtu wake. Na atakayechukuliwa ni mtoto.

Baba ana mtoto mmoja. Ni mimi.

Kwa hiyo aligeuka. Akaenda Mugunga, akajiita Adalbert, akaanza kusukuma makala kwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo. Mama alikutana naye sokoni huko, kwa bahati tu. Tangu siku hiyo ananunua makala Mugunga, na wakati huohuo jirani yetu anauza makala mlango kwa mlango. Mimi nilikuwa namcheka, namwita mama wa safari.

"Na kufukua?" nikauliza. "Kwa nini hamkufukua?"

"Nilimuomba Bashige. Alisema tungoje rébellion itulie, watu wasituone tunachimba makaburi."

Ikaisha hiyo, ikaja nyingine. Ikaja M23 ya 2012. Bashige akasema tungoje. Mwaka baada ya mwaka, tungoje.

Halafu Mei 2021 volkano ikashuka tena. Ikashukia Buhene.

Kesho yake, baada ya mama kunieleza haya yote, nilimfuata Bashige. Muzee amekonda, fimbo mkononi. Nilimwambia najua kila kitu na nataka kufukua. Hakubisha. Alinipeleka mpaka pale kiwanja chake kilipokuwa.

Mawe meusi. Mpaka macho yanapochoka, mawe meusi. Msalaba haupo, njia haipo, mti hata mmoja haupo.

"Nionyeshe kaburi ni wapi," nikamwambia.

Aligonga gonga na fimbo huku na huku.

"Labda hapa," akasema. "Ao kule. Christa, nilizani kutakuwa wakati."

Nilitaka kumtukana. Lakini alikuwa analia, mzee wa watu, na kamasi juu. Nikamshika mkono tukarudi.

Mugunga nilikwenda na mama. Kambi imejaa mahema meupe yaliyogeuka rangi ya udongo. Baba alikuwa anafunga kamba kwenye gunia la makala. Alimwona mama, akatabasamu. Akaniona mimi, akaangusha kamba.

Hakunigusa. Alirudi nyuma hatua, kama mimi ndiye mwenye ugonjwa.

"Ni yeye?" akamuuliza mama.

"Ni yeye."

"Mama yangu, umekuwa mukubwa," akaniambia. Huku baba akimpenda binti yake anamwita mama.

Nilimwomba arudi nyumbani. Nikamwambia mimi ni mwalimu, nimesoma, mgomba ni mgomba. Nikamwambia kama kuna wa kufa ni mimi, na mimi nimekubali.

"Weye umekubali," akasema. "Mimi hapana."

"Papa, hii ni uongo ya wazee."

"Labda ni uongo. Utanipatia nini kama si uongo?"

Nilimchukia siku ile, na nilimpenda mpaka kifua kikauma, vyote viwili kwa pamoja.

Nilikwenda tena na tena hadi shule zilipofunguliwa. Jibu likawa lile lile. Mwezi wa kumi mama akafunga nguo zake kwenye kitenge.

"Unaenda wapi?"

"Kama hawezi kuingia kwangu, mimi nitaingia kwake. Ule mgomba haunikatazi mimi."

Akaenda kuishi kwenye hema, mama yangu mwenye nyumba ya mbao na kitanda cha maana. Nilikasirika wiki nzima. Jumapili nikawapelekea fufu na mboga ya sombe, nikawakuta wamekaa kwenye jiwe moja wanacheka. Sikuwahi kumwona mama akicheka hivyo. Nikaacha kukasirika.

Mwishoni mwa Januari mwaka huu vita vikaingia mjini.

Mlio Goma mnajua, sihitaji kuwahadithia. Tulilala sakafuni. Umeme ulikatika, maji yakakatika, simu haikushika. Mabomu yalianguka upande wa kambi, na mimi nilikuwa nahesabu kila mlio nikisema, si wao, si wao.

Milio ilipopungua nikasikia mtu anagonga lango na ubao.

Nilichungulia. Alikuwa baba na chukudu yake. Juu yake, pale yanapokaa magunia, kulikuwa na turubai limefungwa kwa kamba za makala. Kitenge cha mama kilikuwa kinatokeza pembeni.

Nilifungua lango.

"Alikuwa anachota maji," baba akasema. "Chuma ya bombe ilimupata hapa." Akaonyesha shingo yake mwenyewe.

Alikuwa amesimama nje ya lango, miguu imebana pamoja. Akafungua kamba, akaniambia nimchukue mama nimuingize.

Nilijaribu. Mama alikuwa mtu mzima wa kilo zake. Nilimshika mabegani akaniteleza. Niliita jirani, hakuna mlango uliofunguka. Siwalaumu, risasi zilikuwa bado zinapita. Nilijaribu tena, nikaanguka naye pale kwenye mawe, kichwa chake mapajani mwangu, na hapo ndipo nililia.

Baba alitutazama.

Kisha akainama, akamtia mama mikononi, akaingia.

Alipita langoni, akapita uani, akaingia nyumbani kwake kwa mara ya kwanza tangu 2002. Akamlaza kitandani. Akamfunika miguu. Halafu akaniomba maji ya kunywa.

Tulimzika mama mwenyewe, si mgomba. Bashige alikuja na fimbo yake. Alikaa karibu na baba siku nzima.

Kambi ikavunjwa Februari, watu wakaambiwa warudi walikotoka. Baba alibaki hapa.

Mimi sijafa.

Mwezi wa kwanza baada ya mazishi alikuwa haniondolei macho. Nikikohoa anasimama. Nikichelewa kutoka shuleni namkuta barabarani. Asubuhi anasogeza pazia la chumba changu taratibu, anaangalia kama kifua kinapanda na kushuka. Akiona kinapanda ndipo anasema, "Umeamukaje, mama?"

Nilidhani kadiri siku zinavyopita atapata amani. Kumbe nilikuwa nimekosea kabisa. Kila siku ninayoamka mzima, yeye anazidi kuinama.

Wiki iliyopita alisogeza pazia.

"Haukufa," akasema.

"Sikufa, papa."

"Basi ningeingia zamani. Ningeingia, na Namegabe angekuwa hapa."

Nilimwambia hatujui. Nilimwambia labda mgomba ulishaungua chini ya yale mawe, labda ilikuwa salama tangu 2021 tu. Alinisikiliza kwa adabu, kama mtoto anavyomsikiliza mwalimu anayedanganya.

Haya, mnataka somo, maana nyinyi hamwondoki bila somo.

Usimzike mtu ambaye mwili wake hujauona. Na kama mmemzika, na siku moja akasimama nje ya lango, msimwambie angoje mambo yatulie. Hapa kwetu hayatulii. Chukueni jembe leo hii, mchimbe, hata kama majirani wanaangalia na risasi zinalia. Sisi tulingoja, na aliyelipa hakuwa yule tuliyekuwa tunamwogopea.