Yule Mmoja wa H019

Eulalia Treviño alijaza fomu ya sensa mumewe Anselmo akiwa mahututi kitandani. Siku ya kuhesabiwa ilikuwa tarehe mosi Aprili, na Anselmo akafariki tarehe tatu. Majirani walimwambia kwamba jina la mumewe litafutwa tu, maana maiti hahesabiwi. Neno hilo lilimkaa moyoni.

Katika mji wao mdogo wa Texas, karibu kila mtu alikuwa wa asili ya Meksiko. Anselmo peke yake ndiye aliyetoka Paragwai, na kinyozi Macario hakuchoka kumtania.

"Bwana wee, kwenu hata bahari hamna!"

"Ndiyo maana nimekuja kuazima mto wenu," Anselmo alikuwa akijibu, huku akinywa chai yake ya baridi.

Majedwali ya sensa yalipotoka, Eulalia alikwenda maktaba. Juu ya kila safu aliona herufi na namba tupu: H004, H011, H019.

"Mbona watu wamegeuzwa namba za magari?"

"Tulia, mama," alisema Nieves, mtunza maktaba. "Maana zake ziko kwenye karatasi hii." Akateremsha kidole taratibu. "H004, watu wa asili ya Meksiko. H019, wa Paragwai."

Waliifuata safu hiyo hadi kwenye jina la mji wao. Palikuwa pameandikwa moja.

"Hawakumfuta, mama. Tarehe mosi alikuwa hai."

Eulalia aliigusa ile moja kwa kidole.

"Nitolee nakala mbili, mwanangu. Moja nikaibandike kwenye kioo cha Macario."